Ngao Niliyoigandisha kwa Gundi

Binti yangu Nyangeta,

Ujumbe wako nimeusoma mara nne: "Jumamosi nakuja Musoma kuchukua boksi langu. Msihangaike kupika." Leo ni Ijumaa. Mama yako ameshanunua sato, na mimi nimekaa mezani na wembe, kibano na kapteni wangu wa plastiki mwenye ngao nyekundu.

Unakumbuka tulivyoanza? Vile viaskari vya plastiki vilikuja mikono mitupu, ukauliza vitapiganaje. Tukaanza kuviagizia vikorokoro: kofia za chuma, mikuki, ngao zisizozidi ukucha. Kifurushi kikishuka kwenye basi ulikuwa unakifungulia njiani, nami nakugombeza huku nachungulia. Likizo moja kule Butiama uliangusha kofia kwenye ulezi wa bibi yako, tukapepeta debe zima mpaka tukaipata. Bibi akauliza, "Mmekuja kunisalimia ama mmekuja kunipepetea?"

Tulipigana pale mezani, rula ikipima hatua na dadu zikiamua pigo, na sheria niliiweka mimi. Kiaskari kikiangushwa, aliyeshinda anakivua kifaa kimoja, na kifaa hicho kinalala kwenye boksi lake mpaka kikombolewe vitani. Ndiyo maana hatukugandisha kitu. "Gundi ni ya waoga," nilikwambia, nawe ukiwa darasa la tano ukayaandika maneno hayo kwenye kifuniko cha boksi lako.

Halafu ikaja ile Jumapili kabla hujaenda kuripoti kazi ya ualimu Bunda. Dadu zilikupenda. Ukamwangusha kapteni wangu, ukaishika ngao, ukavuta. Haikutoka. Ukamleta karibu na macho.

"Baba, umegandisha."

"Imekaza tu."

"Ulikuwaga unasema gundi ni ya waoga."

Ningecheka pale, yangeisha. Badala yake nikasema nyumba ni yangu, meza ni yangu, na asiyetaka mlango uko wazi. Ukamweka kapteni chini taratibu, ukaenda kufunga begi. Huu ni mwezi wa saba sasa tangu uondoke, na unampigia mama yako tu.

Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilijua ukiiteka ile ngao, ya kwanza tuliyonunua, itakwenda nawe Bunda, na wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda. Asubuhi ile ukiwa kanisani nikatia gundi, ili angalau kitu kimoja kibaki. Ngao ikabaki. Wewe ukaondoka bila kuniaga.

Leo tangu asubuhi naibandua. Nimejaribu maji ya moto, nimejaribu dawa ya mama yako ya kufutia rangi ya kucha. Amenitazama akasema, "Mzee mzima unapigana na mdoli." Saa tisa nikapitisha wembe, nikasikia tak. Ngao imetoka, lakini imetoka na mkono.

Vyote viwili nimeviweka kwenye boksi lako. Barua hii nitaiweka juu ya kifuniko, juu ya yale maandishi yako, maana mdomo wangu siuamini tena. Kapteni nimemrudisha pale alipoangukia, amelala chali. Viaskari vingine havijaguswa tangu uondoke, na rula iko ulipoiacha.

Chukua boksi lako kama ulivyosema, sitakuzuia. Ila mchezo ule haukuisha, Nyangeta, na zamu bado ni yako.

Baba yako,
yule mwoga.