Masizi Kwenye Makuti

Jumanne, Aprili 1964

Bado namkasirikia Bwana Mutua, mkubwa wangu katika kituo cha hali ya hewa. Jana aliandika kwa wino mwekundu juu ya taarifa yangu: "Kama hewa ya chini hupanda na mawingu hadi tabaka la anga lililo juu yake, mbona huko ni kukavu?" Nikaondoka nayo.

Leo nilipanda jikoni, ambako huku pwani huwa juu ya nyumba, chini ya paa la makuti, kuchemsha chai. Moshi ukanitoa machozi, na mimi mtu wa bara nikatoboa makuti ya paa ili utoke.

Bi Zaina, mwenye nyumba, alinifokea. "We Bwana! Moshi hupenya wenyewe polepole, masizi ndiyo husalia. Sasa mvua ikinya tutapikia wapi?"

Nikatazama juu. Makuti meusi tititi, lakini moshi uliopenya hadi nje hauna weusi hata kidogo.

Ndivyo hivyo na angani! Hewa hupenya polepole penye baridi kali kule juu, maji yake yakaganda na kusalia chini. Inayopita ni kavu.

Kesho naipeleka tena taarifa, na siifuti hata apige meza.

Ila alfajiri naziba tundu kwanza. Mawingu yamejaa, na maji yanayosalia chini najua yatakapoangukia.