Hukumu Kwanza, Jina Baadaye

Mwaka umezunguka, Beno, tangu homa ile ikuchukue na mpunga ukiwa bado kijani bondeni. Tulitaka leo tukuandikie maneno matamu matupu, kama familia nyingine zinavyowaandikia watu wao gazetini. Lakini wewe ulituachia kesi, na kesi haifukiwi pamoja na mtu.

Matamu yaanze, maana yapo. Kibanda chako cha kutengeneza simu pale Viwanja Sitini hakikukosa watu. Bibi akija na redio yake iliyokufa, ulimwambia, "Shikamoo bibi, hii haijafa, imezimia tu," ukaikalia mpaka iseme, na hela ukakataa. Kijana akija kuwekewa nyimbo kwenye flashi, ulimwekea alizotaka, kisha ukamchomekea na mmoja ambao hakuuomba. Wapo waliorudi kulalamika. Wengi walirudi kuuliza, "Kaka Beno, wale ni kina nani?" Nawe ulicheka kwa mabega, bila sauti. Mama anasema ulicheka hivyo tangu hujaota meno.

Lakini aliyekula nawe muziki sahani moja ni dada yako Oliva. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza ulipanda baiskeli hadi kwake Mlabani, ukamkuta ameshafunika cherehani na chai iko tayari. Mlikaa kizingitini na waya mmoja wa kusikilizia simu, sikio moja lako, moja lake. Ukileta reggae, Jumapili inayofuata yeye analeta taarabu. Ukileta rumba ya Kongo, yeye anakuibukia na kwaya ya Wakorea, sijui kaipata wapi. Mlipita kwenye ngoma ya sangula ya wazee wa Mahenge, kwenye nyimbo za filamu za Kihindi, kwa wale wazungu wa kofia pana wanaolilia farasi, hata kwenye yale magitaa yanayonguruma kama mashine ya kukoboa. Majirani wakiwaona mmeinamiana vile, walidhani mnasali.

Na mlikuwa na sheria yenu: hukumu kwanza, jina baadaye. Aliyeleta wimbo hasemi ni wa nani mpaka mwenzake aseme "umeiva" au "bado". Oliva alisema mtu akishajua jina, anasifia jina. Kwa hiyo mlisikiliza kwanza, mkabishana, kisha jina likatajwa. Na likitajwa, ni la kweli. Dada yako hakukudanganya jina hata siku moja.

Ndipo ukamletea ile bendi. Wimbo haukufika hata kiitikio, Oliva akasimama, waya ukachomoka masikioni. "Umeiva! Umeiva, Beno! Hawa ni kina nani?" Ukamtazama usoni, ukanywa chai kidogo, ukasema, "Wanaitwa Nyuzi Tano. Watu wa Tunduma. Nimepewa na abiria wa treni."

Basi Nyuzi Tano wakawa watu wake. Oliva aliwatangaza Mlabani nzima. Aliyekuja kupimwa gauni alisikilizishwa Nyuzi Tano kwanza, vipimo baadaye. Uliendelea kumletea nyimbo zao, mmoja mmoja, naye akazihukumu bila huruma: huu umeiva, huu bado, huu dramu inaburuta miguu. Kulikuwa na ule wa "Mama Bado", wa mwanamke anayepita jikoni kwenye kila harusi, anaonja kila sufuria na kusema bado. Oliva aliucheza kwenye harusi ya binamu yenu Paulina mpaka kilemba kikadondoka. "Huyu mwanamke ni shangazi Balbina mtupu!" alisema. Nawe ulikuwepo, ukicheka kwa mabega.

Alikuomba umpeleke Tunduma akawaone. Ukasema mvua zikinyesha hawapigi. Kiangazi kikaja, ukasema mpiga besi anaumwa. Mpiga besi huyo, maskini, aliumwa kiangazi hadi kiangazi. Dada yako akamwonea huruma akamtolea nia ya misa. Ikasomwa kanisani, "Kumwombea mgonjwa wa Tunduma," na wewe, Beno, ukiwa benchi moja naye, ukaitikia kwa sauti, "Twakuomba utusikie."

Hilo la kanisani ndilo Oliva hajaliweka chini mpaka leo.

Maana ilipofika arobaini yako, wanaume watatu walishuka kwenye treni ya kutoka Chita, wamebeba magitaa. Walitoa pole kwa mama, wakaketi uani, wakaomba ruhusa wapige kidogo. Oliva alikuwa nyuma ya nyumba anapakua wali. Akasikia "Mama Bado". Akaja mbio na upawa mkononi, machozi na kicheko kwa pamoja. "Jamani! Wa Tunduma wamekuja! Nani amewaambia Beno aliwapenda hivi?"

Mwimbaji wao, Shilinde, yule mfugaji wa Chita mrefu kama nguzo ya umeme, akaacha kuimba. "Tunduma ipi, dada? Sisi ni wa Chita hapa hapa. Na Beno hakutupenda tu. Bendi ni yake. Hilo solo unalolisikia kwenye nyimbo zote ni mkono wake."

"Mkono wa nani?"

"Wa Beno, dada. Tumepiga Mngeta, tumepiga Mlimba. Hukujua?"

Oliva akamgeukia mkeo Rosemery, na Rosemery akaangalia chini. Hapo dada yako akaelewa kila kitu kwa mkupuo: kwamba safari zako za kwenda "kuangalia mpunga" zilikuwa za kwenda kupiga gitaa, kwamba wifi yake alijua, kwamba Mngeta walijua, na Mama Bado si shangazi Balbina, ni yeye mwenyewe. "Na mpiga besi?" akauliza. Kijana mmoja mnene akanyoosha mkono, mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Oliva akaweka upawa juu ya meza, akaondoka kwa miguu hadi Mlabani.

Tangu hapo nyumba yake Jumapili ni kimya. Cherehani hafuniki, anashona tu. Tulipomfuata kuhusu misa ya mwaka, alisema, "Nitakuja kwa ajili ya mama. Jina langu msiliweke gazetini. Yeye aliniita dada akanifanya kichekesho cha bonde zima. Mimi nilimpa masikio yangu, yeye akanipa jina la uongo." Mama akamsihi kwamba marehemu hasemwi vibaya. Oliva akajibu, "Simsemi vibaya, mama. Namsema alivyo."

Wiki iliyopita Shilinde alikwenda Mlabani mwenyewe, na simu yako ya zamani mfukoni. Rosemery alikwenda naye, akabaki barabarani kwa aibu. Shilinde akasema upo wimbo wa mwisho mliorekodi, na ulikataa usitoke mpaka uhukumiwe.

"Ili mkaniimbe tena?" Oliva akamuuliza.

"Dada, ulisema dramu inaburuta miguu, tukabadilisha mpiga dramu. Ulisema ubeti wa tatu ni porojo, tukaukata. Beno akirudi kutoka kwako Jumapili, tulikaa kumsubiri kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Akisema 'amesema bado', tunarudia wimbo wote."

"Sasa mbona hakuniambia? Mimi ningesema uongo? Mimi?"

Shilinde akakuna kichwa. "Mimi nilimwambia akwambie. Kila wiki alisema, Jumapili hii namwambia. Akirudi anasema, Jumapili ijayo. Sababu siijui, dada. Nikikupa sababu nitakuwa naitunga."

Tunamshukuru Shilinde kwa hilo, kwamba hakumtungia. Oliva amechoka kutungiwa.

Akafunika cherehani pamoja na ule mguu wa suruali aliokuwa anapinda, akaingia ndani kuchukua waya. Akatoka nao, akauchomeka kwenye simu yako, akaweka sikio moja. Shilinde alitaka kushika la pili. Oliva akamkataza kwa mkono, likabaki linaning'inia. Rosemery anasema kutoka barabarani alimwona akisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa hata kidogo, kisha akaurudisha mwanzo, akausikiliza tena.

"Bado," akasema. "Solo limetangulia dramu pale mwishoni. Ana haraka ya nini? Mwambie arudie."

Shilinde akajibu, "Sawa, dada," kwa mazoea. Kisha Oliva akaanza kulia, kilio ambacho kwenye msiba wako hakukilia.

Tunakukumbuka sisi: mama yako Verediana, mkeo Rosemery, wanao Jane na Sylvanus, kaka yako Raimundi, shangazi yako Balbina ambaye anadai naye aombwe radhi, na wenzako wa Nyuzi Tano ya Chita. Misa ni Jumapili, ya kwanza, kama ulivyoizoea.

Na Oliva. Ameturuhusu tumwandike, mwisho kabisa, kwa sharti kwamba tuandike hivi: dada yako hajakusamehe. Alipomaliza kulia alimuuliza Shilinde wimbo ule unaitwaje. Shilinde akasema hajui, ulikataa kuwatajia hata wao, ulisema Oliva ahukumu kwanza. Basi amekwisha kuhukumu, Beno. Jina anakudai wewe, na mpaka umpe, kila Jumapili atakukumbuka.