Kitanda cha Marehemu Binti Yangu Kinaazimwa Siku ya Ukaguzi

Mpendwa mshauri, naandika moyo ukiwa mzito, naomba unisaidie. Binti yangu wa pekee alifariki mwaka juzi na kitanda chake kipo vilevile, kwenye ubao wa kichwani kuna maua aliyochora kwa kalamu ya wino, nami siku ile nilimgombeza. Jirani yangu, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta tu, amepewa na halmashauri msichana yatima wa miaka tisa amlee, na kila afisa wa ustawi anapotaka kuja kukagua humpigia simu kwanza, ndipo jirani hunijia mbio, "Shoga, niazime kile kitanda, cha mtoto bado kiko kwa fundi," nami nikaona ndio ujirani, tukakibeba wawili, nikatandika shuka kwa mikono yangu. Ila fundi gani huyo asiyemaliza kazi, maana ni mara ya tatu sasa, afisa akitoka tu kitanda kinarudi kwangu, na safari hii mtoto alitufuata mpaka mlangoni akaniuliza polepole, "Mama mdogo, na mimi naweza kuja nacho?" Jirani akacheka, "Mwone huyu, anapenda makuu!" Baadaye nilimuuliza mtoto analala wapi, akasema stoo, juu ya magunia, na mlango hufungwa kwa nje. Nikaenda kwa afisa nikamwambia mtoto yule hana raha, akanijibu, "Mama, nilimuuliza mbele ya mlezi wake, akasema hajambo. Kitanda nimekiona, hata maua aliyochora nimeyaona. Mtoto mwenye huzuni hachori maua." Nikashindwa kusema ni ya nani. Nikisema, naogopa nitashtakiwa, na mtoto atapelekwa mbali. Wiki ijayo ni ukaguzi, na jirani ameshakuja kuomba. Nifanyeje?

Mama wa Kitanda

Mama wa Kitanda, pole sana kwa msiba. Kugombeza mtoto kwa kuchora kwenye kitanda ni kazi ya mama, usijitese kwa hilo. Jitese kidogo kwa hili lingine: kitanda kinatoka na kurudi mara tatu, unaita ujirani? Watu huazimana chumvi, mama.

Afisa naye hajanifurahisha. Atasema sheria inamtaka atoe taarifa kabla ya kufika. Sawa, lakini nani alimkataza kufungua stoo? Ubaya ni kwamba hakuna anayemlazimisha kuifungua, wala kuzungumza na mtoto faragha, na asiyelazimishwa hunywa chai akaaga.

Usisubiri wiki ijayo. Mtoto amefungiwa kwa nje; moto ukiwaka je? Leo hii nenda polisi kwenye dawati la watoto, kisha kwa mkuu wa yule afisa. Sema yote: kitanda ni changu, niliambiwa cha mtoto kiko kwa fundi, mtoto analala stoo. Omba waende bila kupiga simu. Utafokewa. Vumilia, wewe una pako pa kulala.

Huenda akapelekwa mbali kweli, sikufichi. Ukitaka kumlea, omba nawe ukaguliwe kama wengine, ila kwanza jiulize kama unamtaka yeye au unamtafuta marehemu. Yule ana jina lake na kilio chake.

Na jirani akigonga, kitanda hakitoki. Afisa akikiulizia, mkaribishe chumbani kwako, mwonyeshe yale maua, umwambie aliyeyachora ni nani na yuko wapi.