Nilifyeka Kwanza

Mama Somoe,

Umekufa. Jumanne asubuhi, wodini, mimi nimetoka kutafuta chai. Narudi na chupa mkononi, nesi kashakufunika uso. Chai nikaimwaga pale pale mlangoni. Uvimbe wa tumbo umekumaliza, alasiri tukakuzika, basi.

Arobaini yako imepita. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo baya, na wewe ndiye ungenitukana sawasawa. Wengine hawajui kutukana. Wanazunguka tu.

Kwanza nikwambie, watu wamenitia kinyaa. Wamejaa mkekani, wanasema pole, macho yao yote kwenye sufuria. Mmoja, udongo wako haujakauka, ananinong'oneza kuna mjane kule mtaa wa Lizaboni, mpole, anajua kupika. Nikamwambia kaoe wewe. Kaka yako Athumani ndiyo usiseme. Anaangalia bati zetu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Akagusa kitanda. "Shemeji, hiki si ni cha dada?" Nikamwambia lala juu yake, uone kama kinakutosha. Akacheka. Mimi sikucheka. Midevu imejaa mafuta ya pilau, anataka kitanda cha maiti. Nilitoka nje nikatema mate.

Lakini huyo sio niliyemkusudia. Ninayetaka kukueleza ni mimi.

Hitma ya arobaini ilipokaribia nilisema sitaki pilau peke yake. Nilitaka ming'oko. Chakula chako, vile viazi vya porini. Ulikuja nacho toka Namasakata kwenu, na hata hapa Songea ulikitafuta mpaka ukakipata, kwenye ule msitu wa njia ya Maposeni. Kila kiangazi tulikwenda, wewe na kikapu, mimi na jembe. Nikasema watu watakula ming'oko, waseme huyu mwanamke alikuwepo.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Mimi darasa la nne, kichwa kigumu, wewe hukuchoka. Ulianza ule mwaka tulipobeba mizigo ya wale wataalamu wa mimea. Mimi nabeba magunia, wewe unapika, na jioni wanakuita. Mama, hii mnaiitaje? Unawaambia. Na wao wanakwambia ya kwao. Kikonyo, unaona, ndicho kinachoshika jani. Pingili. Ncha ya jani. Ukingo wa jani. Tumba, ua ambalo halijafunguka au tawi ambalo halijatoka. Ulirudi hemani unaniimbia kama mtoto wa chekechea.

Halafu mkagombana na mtaalamu mmoja juu ya ule mmea mbaya. Ule unaofanana na ming'oko, unapanda mtini vilevile, kiazi chake kinalewesha mtu. Wewe ulimwita shemeji. Ulisema ana sura ya ukoo lakini usimwache na sufuria. Mtaalamu kasema jani lake ni moja, limegawanyika mara tatu. Wewe kichwa juu, "Mimi naona majani matatu, baba, au macho yangu mabovu?" Akakwambia tafuta kwapa, mama. Pale kikonyo kinaposhikana na shina, ndani ya kwapa pana tumba. Penye tumba ndipo jani linaanzia. Ukatafuta. Kwapa moja, tumba moja. Yale matatu yenyewe hayana tumba. Ukasema, "Mzungumzaji huyu kanishinda." Ulifurahi kushindwa. Sijawahi kumwona mtu anafurahi hivyo kushindwa.

Toka hapo ikawa ndiyo sheria yako. Ming'oko jani lake moja moja, kama moyo, lina vinyweleo, shina halichomi. Shemeji ana matatu kwenye kikonyo kimoja, na shina lina miiba. Angalia shina, angalia kwapa, hesabu. Ndipo uchimbe.

Na lile moja ulilonipigia kelele kila mwaka: usifyeke kwanza. Mimi kazi yangu kufyeka. Barabara, mashamba ya watu, popote. Nikifika mahali mkono unakwenda kwenye panga wenyewe, nasafisha, ndipo nachimba. Ulikuwa unanishika mkono. "Ukifyeka umemkata ulimi. Atakwambiaje jina lake?"

Sasa hukuwepo kunishika mkono.

Nilikwenda Ijumaa, peke yangu. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Na Mungu, na Athumani, na wewe pia. Nikafika pale petu, nikafyeka. Nikafyeka kote, chini peupe, kama kiwanja. Kamba za mimea nimezikata zote usawa wa magoti. Halafu nikachimba. Vikatoka viazi, vyembamba vingi, na vingine vya mafundo mafundo. Nikasema vya mafundo ni kwa sababu ya mawe. Mama Somoe, nilijisemea hivyo. Ni kwa sababu ya mawe. Nikajaza gunia nikarudi.

Siku yenyewe wanawake walikuwa na kazi nyingi za pilau. Mwalimu Flora, jirani yetu, kasema leteni mimi nitachemsha. Unamjua, mgeni huyu, katoka huko Kanda ya Ziwa, si dini yetu, lakini ulipougua ndiye aliyekufulia mashuka. Hajui ming'oko. Huwa tunachemsha na ganda, kila mtu anamenya mwenyewe kwa mkono. Yeye kamenya yote, kakata vipande kama mihogo, katia chumvi. Basi. Hata mama yako aliyezaliwa na ming'oko mdomoni asingejua kipi ni kipi.

Wakala. Walioanza walisema tamu. Waliokuja baadaye wakaanza kusema inawasha ulimi. Shehe hajamaliza dua, mtu wa kwanza katoka nje. Halafu wa pili. Halafu uwanja mzima. Nisamehe lakini nitakwambia. Matapishi mpaka kwenye viatu vya watu mlangoni. Wazee wameshika ukuta. Yule wa mjane wa Lizaboni kajitapikia kanzu. Watu walewale waliokuja kula, wamemwaga walichokula mbele ya mlango wako. Harufu ile haijatoka. Nimemwaga maji, nimemwaga majivu. Bado ipo. Au ipo kwangu.

Mama yako ndiye aliyekula zaidi. Alikuwa ndani na akina mama, kala sahani yake, kaomba nyingine, kwa sababu ni chakula cha mwanawe. Akaanza kutetemeka mikono. Akaanguka. Tukampeleka hospitali kwenye bodaboda, Somoe kamshika nyuma. Siku mbili hakumjua mtu. Wodi ileile, Mama Somoe. Nesi yuleyule. Kaniangalia kama mimi ndiye ninayewaleta.

Hakufa. Nakwambia mapema usihangaike huko uliko. Hakuna aliyekufa.

Lakini Athumani siku ileile kasimama uwanjani, mdomo bado mchafu, anauliza nani kamruhusu mtu tusiyemjua kushika sufuria la hitma. "Ming'oko tunakula toka tuzaliwe. Haijaua mtu. Aliyetia kitu ni mpishi." Watu wakasema kweli. Kweli! Kwa sababu kweli hiyo ilikuwa rahisi. Hakuna aliyeniuliza mimi nimechimba nini. Mimi mume wa Mama Somoe, nani ataniuliza?

Na mimi nikanyamaza.

Nilijua. Toka yule wa kwanza aliposema ulimi unawasha, nilijua. Niliona yale mafundo. Niliona panga langu. Nikashika ndoo, nikaanza kuosha uwanja, kichwa chini, watu wakasema maskini, mfiwa huyu.

Siku nne. Mwalimu Flora anapita asubuhi kwenda shule, anasalimia, wanawake wanageuza shingo. Mtu kamwagia uchafu kizingitini. Athumani kaenda kwa mwenye nyumba wa Mwalimu, kasema huyo mama ni hatari kwenye mtaa. Mwenye nyumba kampa mpaka Ijumaa awe ametoka. Mimi naona yote. Dirisha letu si linatazama mlango wake? Nilimwona anafunga vyombo kwenye maboksi. Ndoo yake, ile aliyokufulia mashuka, kaiweka juu ya boksi. Nikajiangalia mikono. Nilijiona kama yale matapishi. Sikuweza kula. Mate yangu mwenyewe yalinichukiza.

Mama yako katoka hospitali, tukamlaza chumba cha ndani. Unajua mimi na yeye. Miaka yote hiyo sijawahi kumtazama usoni, sijala naye sahani moja. Mkwe ni mkwe. Nikitaka kitu nasema, Somoe, mwambie bibi yako. Alhamisi Somoe kaenda bombani. Nikachuchumaa nje ya mlango wa chumba, nimempa mgongo kama inavyotakiwa, nikasema mwenyewe.

Mama, ile ming'oko nimechimba mimi. Ilichanganyika na ile mbaya. Mwalimu hana kosa.

Nasikia kitanda kinalia.

"Jani lilikuwaje?"

Hilo ndilo alilouliza. Mwanamke katoka kufa, anauliza jani. Nikajua wewe ulitoka wapi.

Sikuliona, Mama. Nilifyeka kwanza.

Akasema alihisi mdomo mchungu toka kipande cha kwanza, lakini alisema mdomo wa mfiwa hauna ladha, akala. Alikula kwa sababu alidhani kosa ni la mdomo wake. Halafu sauti ikapanda. "Umekaa na mwanangu ukajifunza nini? Kamwite Athumani. Na mwalimu. Usitume mtu. Miguu unayo."

Nikaenda. Nikawakusanya hapo uwanjani, na mwenye nyumba, na wanawake waliokuwa wanageuza shingo. Nikasema. Maneno machache, unanijua. Nimefyeka, nimechimba bila kuangalia, nimewalisha sumu, nikanyamaza. Mwalimu alichemsha nilichompa.

Sasa sikiliza kaka yako. Kanivuta pembeni, kanishika bega kama rafiki. "Shemeji, unajitwika mzigo wa nini? Ungeacha tu. Mwalimu angehama, yangeisha." Anajua kuwa nasema kweli! Hakubishana hata kidogo. Alitaka tu iwe mgeni. Mtu katapika, mama yake mzazi kaanguka, na yeye anaona heri uongo kwa kuwa unahama na maboksi. Nilimtoa mkono begani. Nikamwambia kitanda nitakichoma moto kabla hajakilalia. Hilo nalo nilikuwa sijapanga kusema, limetoka.

Lakini nikifikiri, Athumani alisema kwa mdomo nilichokifanya mimi siku nne. Ndiyo maana alinichukiza hivyo.

Mwalimu Flora hakulia. Kaniuliza tu. "Ulikuwa unaniona nikipita?"

Ndiyo.

"Kila siku?"

Kila siku.

"Haya." Akaingia, akafunga mlango. Mwenye nyumba kasema abaki. Yeye mwenyewe hajasema kitu. Maboksi bado yamefungwa. Leo asubuhi nilimsalimia, kaitikia kwa kichwa. Sidai zaidi ya hapo. Wale wanawake wamempelekea unga, wanacheka naye, kama sio wao. Wananitia kinyaa na unga wao.

Jana nilirudi kule msituni. Bila panga. Nilitaka kuona. Chini peupe nilivyopaacha. Mashimo yangu. Nikasema nitamjuaje sasa, nimekata yote. Halafu nikainua kichwa.

Mama Somoe, zilikuwa zinaning'inia. Kamba zote mbili, juu ya mti mmoja, zimesokotana. Nilizikata chini, juu zimebaki na majani yake, yamekauka lakini hayajaanguka. Moja moja, kama moyo. Na pembeni yake matatu, matatu, matatu. Nikavuta ile ya pili ikanichoma mkono, miiba mpaka juu. Nikatafuta kwapa. Tumba kavu, dogo kama punje ya mtama, moja tu, pale kikonyo kinaposhika shina. Yale matatu hayana lao. Jani moja.

Ulishindwa kwa haki siku ile. Na mimi nilishindwa bila hata kuangalia. Sikuhitaji kuinama, sikuhitaji kujua kusoma. Kuinua kichwa tu. Ile siku nafyeka ilikuwa juu ya kofia yangu, inanigusa pengine.

Nimekata kipande cha kila moja, nimevifunga msumarini mlangoni, ndani, nivione nikitoka. Mama yako kaomba avione. Somoe kampelekea. Kavishika sana, kasema kile cha miiba kiwekwe mbali na watoto wa watu, kile kingine kakirudisha taratibu. Kesho kutwa anarudi Namasakata. Kwa mara ya kwanza kanitumia salamu zisizo na tusi.

Sikuombi msamaha kwa barua. Barua haisikii. Ila nakuahidi hili moja, na unajua sina ahadi nyingi: sitafyeka kabla ya kuangalia. Hata barabara ya watu. Hata nyasi. Nitakuwa wa mwisho kwenye mstari, msimamizi atapiga kelele, apige.

Lala, mke wangu. Kitanda bado kipo, nalala upande wangu. Athumani hatakipata.

Panga nimelinoa. Kesho narudi kazini.

Baba Somoe