Mota Iliyozunguka Bila Ufunguo

Jumamosi, mchana. Mawingu yameshuka, upepo umekata, na hapa nje ya hospitali hakuna jani la mkorosho linalotikisika. Siku kama hizi kila sauti husikika peke yake.

Asubuhi shemeji yangu Hamisi aliniletea gari lake nyumbani Naliendele, nilitengeneze. Mkewe, dada yangu Somoe, alikuwa Kilambo akisubiri kuletwa hospitali leo hii. Daktari ameagiza ajifungue kwa upasuaji. Njia ya kwao ni mchanga mtupu. Magurudumu ya mbele yasipovuta, gari huzama.

Nilizima injini, nikachomoa ufunguo. Chini ya gari kitu kikakoroma, kikanyamaza, kikakoroma tena.

"Shemeji, usiingie," Hamisi akanionya. " Humo mna mtu."

"Kama yumo, atanishikia tochi."

Nilitania ili kuficha hofu, nikaingia chini ya gari.

Sauti ilitoka kwenye mota ndogo inayosukuma klachi, kiungo kinachoyapa magurudumu ya mbele nguvu ya injini. Nilifungua soketi ya nyaya zake. Ukoga wa kijani wa chumvi ulikuwa umeunganisha pini mbili, na umeme wa betri ulipenya humo upendavyo. Hamisi hupita ufukweni Mnazi Bay maji yakipwa, kwa kuwa mchanga mbichi ni mgumu kuliko ule wa barabarani. Kisha huliosha gari kwa bidii ili kuondoa chumvi.

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima chetu."

"Yale ya chumvi, yasiyofaa hata kwa chai?"

"Shemeji, gari halinywi chai."

Mota ilikwisha kuliwa na chumvi. Niliing'oa, nikazungusha shafti kwa spana hadi klachi ikajifunga. Magurudumu yote yangevuta. Kwenye kona za lami Hamisi angepinda polepole.

Maelezo yangu ya ile sauti yalikuwa kamili. Hata hivyo, nilimwomba asizime injini mpaka amfikishe Somoe hospitali.

Aliliwasha gari, akaondoka kwenda Kilambo.

Wamefika. Somoe ameingia chumba cha upasuaji. Nimewafuata kwa bodaboda na kulikuta gari nje ya lango, linanguruma, Hamisi amesimama mbali nalo.

Mota iko nyumbani, mezani kwangu. Chini ya gari hili hakuna kilichobaki kinachoweza kukoroma. Nimekaa kwenye usukani, naandika haya kwa simu, na mkono wa pili uko juu ya ufunguo.

Nikizima, nikasikia chochote, nitaamini nini wakati dada yangu yumo mle ndani?

Nitazima atakapotoka salama. Kwa sasa, acha dizeli iungue.