Jina la Kukhu Limeitwa Huku Jeddah

Jeddah,
Saudi Arabia.
18 Februari 2025.

Mpendwa kaka Protus,

Hamjambo hapo Bungoma? Watoto wanaendeleaje, na mguu wa kukhu umepoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Leo naandika mbiombio kwa furaha, kwa hivyo nivumilie mwandiko.

Unakumbuka niliapa kwamba mkataba ukiisha mwezi ujao sisaini tena. Kazi naiweza. Kilichonichosha ni kuitwa "Kenia", tangu Riyadh mpaka hapa. Kenia, leta chai. Kenia, pokea mtoto. Kwenye lango la shule madam mmoja akiita, tunageuka watu sita. Kukhu alinipa jina lake mimi mjukuu wake, nami ni kama nililiacha uwanja wa ndege.

Sasa sikia haya, wewe mwalimu wa historia. Ruqayya, binti wa madam ninayemfanyia kazi, alipewa kazi ya shule kuhusu Wamisri wa kale na wageni wao. Wenyewe walimchora kila mgeni na alama zake, Mnubi na rangi yake, mtu wa Shamu na ndevu zake. Kulikuwa na watu wa jangwani walioitwa Wamedjay, wakaajiriwa ulinzi. Miaka ikapita, jina la kabila likawa jina la kazi, hata Mmisri mwenyewe akiwa askari anaitwa Mmedjay. Nilicheka mpaka nikasahau pasi juu ya shela ya madam. Nikamwambia Ruqayya basi mimi ndiye Mmedjay wenu, maana hapa Kenia ni kazi.

Mtoto hakucheka. Aliniuliza jina langu, mwaka mzima tunaishi nyumba moja. Akanichora mwisho wa safu ya wageni, na kilemba changu. Wengine aliwaandikia kabila. Mimi aliniandikia Fridah Nekesa. Picha ikabandikwa ukutani shuleni, madam akaisoma.

Jana kwenye lango la shule madam akaita, "Nekesa." Nilisimama tu nikitafuta anaitwa nani. Alipoita mara ya pili ndipo nikajua ni mimi, nikalia mbele ya watu na sikuona haya.

Nimekubali kusaini, mwaka mmoja tu, kwa jina hilo.

Nisalimie Peris na mzee Solomon. Mungu awafunike nyote. Kukhu mwambie karibu na sikio: jina lake limeitwa huku Jeddah, na mwenye jina akachelewa kuitika.

Dada yako akupendaye,
Nekesa