Bunduki Kumi na Saba za Mbarara

Yaya Mapendo, ndugu yangu mukubwa wa Uvira,

Nimekuandikia barua sita, umenijibu mbili. Haya, pokea na kadi.

Leo nilileta maharage ya huku kambini kwa wakimbizi, Nakivale, sokoni Mbarara, yakaisha mapema, mvua ikanisukuma ndani ya makumbusho ya jeshi. Ukutani kuna bunduki kumi na saba. Sikuitambua hata moja, maana sisi za kwetu tulizisikia tu. Mulinzi, askari mustaafu, akaona nimesimama pale muda mrefu.

"Mzee, wewe ilikuwa jeshi?"

"Hapana, afande. Mimi nilikuwa chini ya kitanda."

Akacheka peke yake. Nikageuka kukutafuta, yaya, kwani ni wewe ulinifundisha mule chini kuhesabu milio ya risasi ili nisilie. Nakivale watu ni mingi, lakini hakuna anayeijua hesabu ile. Wewe ulisema arobaini na moja, mimi nikabisha arobaini, tukanuniana mpaka mama alipotutoa.

Mungu akuchunge wewe na watoto. Mimi bado nasema arobaini. Niandikie, hata mustari mumoja, kwamba nimekosea.

Mudogo wako,
Bahati, Kashojwa, Nakivale